Maziwa ya mama mwingine: swali la kliniki, si la chumba cha njiti

Akina mama wengi hulisikia jina "benki ya maziwa", yaani mahali ambapo maziwa yaliyochangwa na akina mama wengine hupimwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya watoto wasiopata ya mama zao, kwa mara ya kwanza katika siku ngumu kuliko zote. Mtoto amezaliwa na wiki 29, ana kilo moja, kidonda cha upasuaji bado kibichi, na muuguzi amesimama kando ya kitanda na fomu ya ridhaa. Wengi hapo hukataa, au humngoja baba mtoto na mama mkwe. Tusiwaite wajinga. Swali zito limeletwa saa isiyofaa. Mahali pake ni kliniki ya wajawazito, mimba ikiwa na miezi mitano au sita, mama apate nafasi ya kuuliza na kwenda kushauriana na wa nyumbani.

Benki ya kwanza nchini Kenya ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Hofu ya kwanza ya mama yeyote ni Ukimwi. Mchangiaji hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mvutaji sigara hachukuliwi. Kisha maziwa, yakiwa ndani ya chupa zilizozamishwa kwenye maji ya moto ya mashine, hupashwa hadi nyuzi 62.5 za selisiasi kwa dakika 30 na kupozwa haraka. Joto hilo huua virusi vya Ukimwi, ila chembe sugu za bakteria aina ya Bacillus cereus huweza kubaki hai. Ndiyo maana sampuli huoteshwa maabara, na chupa yenye vijidudu humwagwa. Kazi huharibikia kwenye vitu vidogo. Chupa za ujazo tofauti zikipashwa pamoja, iliyojaa zaidi hubaki nyuma wakati nyingine zimeshafika. Kifuniko kikilegea chini ya maji, maji ya mashine huingia kwenye maziwa.

Hofu ya pili ni undugu, na hapa wataalamu wa afya hukwepa mno. Kwa madhehebu ya Shafii, wanayofuata Waislamu wengi wa pwani yetu, minyonyo mitano kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili hujenga undugu na watoto wa mama huyo, undugu unaozuia ndoa, hata maziwa yakinyweshwa kwa kikombe. Kijana anaweza kuja kumposa dada yake bila kujua. Kwa sababu hiyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah lilizikataza benki hizi mwaka 1985, ingawa wanazuoni wengine, akiwemo Yusuf al-Qaradawi, waliziruhusu. Kumwambia mama "usijali" si jibu. Jibu ni maziwa ya kila mchangiaji yakae peke yake, daftari lioneshe nani alimpa nani, na familia zote mbili zijuane. Hospitali isiyoweza hayo imwambie mama waziwazi, aamue mwenyewe.

Wapo pia wanaoogopa kwamba mtoto atarithi tabia za aliyetoa maziwa. Maziwa hayabebi tabia. Yanachobeba ni kinga dhidi ya ugonjwa wa kuoza utumbo, ambao huua njiti na huwapata zaidi wanaolishwa maziwa ya kopo. Lakini usichukue maziwa ya jirani ukayachemsha jikoni, hata kama mnapendana vipi: hajapimwa, na sufuria haina kipimo.

Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Njiti wa kilo moja huanza na mililita moja au mbili kila baada ya saa mbili, na kijiko cha chai ni mililita tano. Kwa kuwa maziwa yakishayeyushwa hutumika ndani ya saa 24, ni heri yagandishwe katika chupa ndogo.

Kosa linaloniuma zaidi ni kumsahau mama mwenyewe. Maziwa ya benki ni ya kuvukia tu, kwani joto hupunguza sehemu ya kinga yake. Mama aanze kukamua ndani ya saa sita za mwanzo, dang'a, yaani maziwa ya kwanza, kwa mkono maana ni nzito na hupotelea kwenye pampu, kisha angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Chupa ikiwa tayari kwenye friji, hakuna anayemwamsha saa tisa za usiku, na baada ya wiki matiti yanakauka. Kila fomu ya ridhaa ibanwe pamoja na ratiba ya kukamua, na muuguzi wa zamu ya usiku aitie sahihi.