Jinsi nilivyompa Kasheshe sauti yake

Kikaragosi changu cha kwanza nilikiita Bwana Mapembe kwa sababu ya vishungi viwili vya nywele vilivyosimama kichwani pake, na kwa miezi mitatu ya mwanzo hakuweza kulitamka jina lake mwenyewe mbele ya watu. Kosa lilikuwa langu. Mtu anayezungumzisha vikaragosi huongea na kiumbe cha mbao au cha kitambaa, hujibiwa naye, na muda wote huo midomo yake mwenyewe haipaswi kutikisika. Nami nilikuwa nimechagua jina lenye b, w, m na p, yaani sauti zilezile zisizotoka mpaka midomo ikutane au ikaribiane. Nikambadilishia jina, nikamwita Kasheshe, jina ambalo ulimi na kaakaa hulimudu bila msaada wa midomo.

Kubadilisha jina kulikuwa rahisi; lugha yenyewe ndiyo iliyonisumbua. Kiswahili kimejaa m. Iko mwanzoni mwa mtu, mtoto, mti na mji, iko katika kila kitenzi chenye -me-, iko katika kumpenda na kumwita. Njia inayotumiwa na wazungumzishaji wengi ni kuacha meno yakaribiane, midomo ikiwa wazi kidogo na imetulia, kisha kuiazima kazi ya midomo kwa ulimi: b inatolewa kwa d laini, p kwa t, m kwa n au ng', f kwa th ya thamani na v kwa dh ya dhahabu, huku ukiifikiria ile sauti halisi unayoitaka. Sentensi yangu ya mazoezi ilikuwa "Mbwa wa babu amepotea", na mbele ya kioo ilitoka "Ndua ua dadu anetotea". Niliirudia asubuhi na jioni mpaka ulimi ukajua mahali pa kugusa, si nyuma ya meno moja kwa moja bali juu kidogo kwenye ufizi, kwa mguso mwepesi mno, na d ikaanza kusikika kama b iliyosemwa na mtu mwenye mafua.

Hata hivyo kuna maneno ambayo mazoezi peke yake hayakuyaponya. Baba akigeuka kidogo tu huwa dada, na hadhira inaposikia "dada yangu alinichonga" hadithi nzima imekwisha kupotea. Suluhisho nililolipata ni kulitanguliza neno gumu kinywani mwangu mimi. Ninamuuliza Kasheshe, kwa midomo yangu iliyo huru, "Baba yako ni nani?", naye anapojibu "Baba yangu ni fundi seremala", sikio la msikilizaji limekwisha kuandaliwa na linasikia baba bila shaka yoyote. Tangu hapo ninaandika mazungumzo yangu nikiwa na kalamu mbili, ya bluu kwa maneno na nyekundu kwa kuzungushia kila b, p na m iliyo upande wa Kasheshe, na ninajiuliza kwa kila duara jekundu kama neno hilo limetangulizwa, limebadilishwa au limeachwa lipambane lenyewe.

Mdomo wa kikaragosi nao husaidia zaidi ya nilivyodhani. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo Ka-she-she ni kufungua mara tatu na kufunga mara tatu, na kidole changu kwenye mtambo wa ndani ya shingo kilizoea mapigo hayo haraka. Nilipojifunza kuufunga mdomo wake kwa makusudi palipo na m, watu walianza kuisikia m hata pale nilipotoa n. Sikushangaa sana, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walionyesha jinsi jicho linavyoliamulia sikio: mtu akisikia "ba" huku akiona mdomo unaosema "ga", mara nyingi husikia "da". Ni jicho hilohilo linalofanya sauti ionekane kutoka kwa kikaragosi. Hakuna anayeweza kuirusha sauti yake ikatokee mahali pengine. Msikilizaji ndiye anayeipeleka mahali anapoona mdomo ukicheza.

Baada ya mwaka mmoja midomo yangu ilikuwa imetulia, lakini Kasheshe alikuwa bado hajawa mtu. Aliyeliona hilo ni rafiki yangu mmoja, mwigizaji wa maigizo bubu, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi bila kutamka neno jukwaani. Alikuja kwenye mazoezi yangu, akatazama hadi mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, huyu anakufa kila unapoanza kusema wewe." Akavuta kiti, akakaa mbele ya Kasheshe, akamwangalia machoni na kumwamkia. Mimi hakuniangalia kabisa. Alimuuliza amelalaje, anaogopa nini, kwa nini anainamisha kichwa mimi ninapozungumza. Sikuwa na maandishi ya kujibia maswali hayo, na kwa muda kidogo tulikaa kimya sote watatu, ndipo mkono wangu ukageuza kichwa cha Kasheshe polepole kunielekea, kisha ukakirudisha kwa yule rafiki, na Kasheshe akasema, "Nainama ili asione kuwa najua anachotaka kusema." Nakiri kwamba sentensi hiyo sikuipanga. Iliniambia huyu ni nani: mtoto anayemjua mkubwa wake kuliko mkubwa anavyojijua, na anayemficha hilo kwa huruma.

Zoezi lile tulilirudia kila juma kwa muda mrefu. Rafiki yangu alinifundisha kwamba kikaragosi hutazama kwanza ndipo huzungumza, na kwamba anaposikiliza lazima awe na kitu kidogo cha kufanya, hata kama ni kuinua kidevu kwa upana wa kidole. Hapo ndipo nilipomwelewa Edgar Bergen wa Marekani, ambaye pamoja na kikaragosi chake Charlie McCarthy alikuwa na kipindi cha redio tangu mwaka 1937 hadi 1956. Redioni hakuna aliyeiona midomo yake, na hata alipoonekana, midomo ilitikisika na Charlie mwenyewe akamtania kwa hilo. Watu walimfuata Charlie kwa sababu ya tabia yake na ulimi wake mkali.

Kikaragosi wa pili, Shangazi Zena, alizaliwa kwa urahisi zaidi. Nilijua kwanza ni mtu wa namna gani, mwanamke mzima asiyekubali kuharakishwa, ndipo nikaitafuta sauti. Kasheshe huzungumza juu, puani kidogo, na haraka. Zena huzungumza chini, tena kwa vituo virefu. Mwendo wa maneno ndio unaowatenganisha masikioni mwa watu kuliko sauti kuwa ya juu au ya chini, na jambo hilo liliiokoa koo yangu, kwa sababu hapo awali nilikuwa nikijikaza kutafuta sauti nyembamba mno hadi nikapata ukwaruzi wa wiki mbili.

Si kila kitu kati yangu na wasanii wenzangu kilikwenda vizuri. Usiku mmoja Kasheshe alisema jukwaani mzaha ambao nilikuwa nimeusikia kwa mchekeshaji rafiki yangu, na watu wakacheka sana. Niliamini kwamba umekuja wenyewe. Yeye alikuwa nyuma ya pazia akisubiri zamu yake, na ilimbidi aukate mzaha huo katika onyesho lake dakika 20 baadaye. Hakunigombeza; alikaa siku nyingi bila kunipigia simu. Nilimwendea, nikamwambia nimekosa, wala sikumsingizia kikaragosi. Tulikubaliana kusomeana maandishi mapya kabla ya kuyapeleka popote, na mazoea hayo bado tunayo. Vichekesho vyake vingi nimevisikia vikiwa bado vibichi, naye anamjua Zena kiasi cha kunikosoa: "Shangazi hawezi kusema hivyo."

Mwingine ni mfanya mazingaombwe ambaye mifuko yake haikosi mshipi wa kuvulia samaki, nta na sindano. Kamba ya mdomo wa Kasheshe ilikatika dakika chache kabla ya onyesho, nami nilikuwa tayari kuomba radhi na kuondoka. Akaniketisha, akamfungua kisogo, akapitisha mshipi pale ilipokuwa kamba, huku akinisimulia habari za Señor Wences wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1999: kikaragosi wake alipovunjika katika ajali ya treni, alikitia kichwa kilichobaki ndani ya sanduku na kuendelea nacho, kikawa Pedro. Yule kikaragosi wake mwingine, Johnny, alikuwa mkono tu uliochorwa uso. Mshipi ule bado uko ndani ya shingo ya Kasheshe. Ni mwepesi kuliko kamba ya zamani, na mdomo unafunga bila kugonga.

Hivi sasa ninaandika onyesho ambamo Kasheshe na Zena wanagombana wao kwa wao, mkono mmoja kwa kila mmoja, na mimi katikati nikiwa sina nafasi ya kuwatangulizia maneno. Zena anapaswa kumwita "mpwa wangu" mara sita. Mara nne inatoka safi. Ya tano inateleza kila mara kuwa "ntwa", na bado sijajua kama nilegeze ulimi au niibadilishe sentensi. Rafiki yangu wa maigizo bubu anakuja Alhamisi, naye ameomba akae upande wa Zena.