Diski ya Jubilei Iliyogandia Kwenye Ndafu

Mwezi uliopita, tulipokuwa tunapanga upya kabati la sebuleni nyumbani kwetu Moshi, mama alinikabidhi DVD ya jubilei ya miaka 25 ya ndoa yao, iliyofanyika mwaka 2006, akaniomba nimhamishie kwenye flashi. Misa ilionekana vizuri, tangu maandamano ya kuingia kanisani hadi kubarikiwa kwa pete. Tulipofika ukumbini picha ilianza kukatika vipande vipande, na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, alipoingizwa, majani yakiwa mdomoni, ikaganda kabisa.

“Mwanangu, mbona haina hata mkwaruzo mmoja?” mama aliuliza, na kweli upande wa chini ulikuwa unang’aa kama siku ilipotoka kwa mpiga video.

Wengi wetu tunaamini kwamba kinachoua diski ni mikwaruzo ya chini. Kwa kweli huo ndio ugonjwa mwepesi, kwa sababu mwanga wa leza hupita kwanza ndani ya plastiki angavu, na deki ina hesabu za kusahihisha makosa zinazojaza sehemu ndogo zilizokosekana. Ndiyo maana kuisugua diski kwa dawa ya meno, ufundi ambao sote tumewahi kuujaribu, wakati mwingine husaidia. Kwa CD, upande wa kuogopa ni ule wenye maandishi: diski ina unene wa milimita 1.2, lakini tabaka linaloakisi mwanga liko juu kabisa, likikingwa na vanishi nyembamba tu. Hewa na unyevu vikipenya hapo, alumini huoza. Kati ya mwaka 1988 na 1993, kiwanda kimoja cha mjini Blackburn, Uingereza, kilitoa CD nyingi zilizogeuka rangi ya shaba, kwa kuwa vanishi yake haikuweza kuzuia salfa iliyokuwa kwenye karatasi za makava.

DVD ya mama, hata hivyo, ina tatizo la aina nyingine. Albamu za kwaya alizonunua dukani zikiwa kwenye CD zilichapwa kiwandani, maana yake nyimbo ni vishimo vilivyofinyangwa ndani ya plastiki yenyewe, na hadi leo zinaimba. Diski ya jubilei ilichomwa kwenye kompyuta. Diski ya kuchoma haina vishimo vya namna hiyo. Ina tabaka la rangi ambayo leza huiunguza sehemu sehemu, na deki husoma tofauti kati ya palipoungua na pasipoungua. Rangi hiyo hupauka kwa mwanga na joto kama kitenge kilichosahauliwa kambani, na DVD yetu ilikaa miaka mingi kwenye rafu iliyo wazi, mkabala na dirisha linalopigwa na jua la mchana.

Swali lililobaki ni kwa nini misa ipone na ndafu apotee. Diski husomwa kuanzia katikati kuelekea nje, kwa hiyo kanisa limeandikwa karibu na tundu na ukumbi uko ukingoni. Ukingo ndio tunaoushika kwa vidole, na kwenye DVD, ambayo ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, ndipo unyevu wa masika unapopata mlango gundi ikianza kuachia.

Niliifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, nikaijaribu kwenye kompyuta tatu, kwa kuwa macho ya leza hayalingani. Laptopu ya zamani ya shemeji, niliyoiamuru isome polepole na kuruka sehemu zilizoshindikana, ilifanya kazi usiku kucha. Ndafu tulimpata mzima, isipokuwa sekunde chache alipokuwa anakatwa. Zawadi za wajomba, zilizokuwa mwisho kabisa ukingoni, hazikutoka.