Vitumbua vilivyonilaza siku tatu

Mimi ni mtu wa chapati. Nilikuwa, niseme hivyo. Asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili, jioni nikitoka kazini napitia mandazi, na tumbo langu miaka yote limejaa gesi, naharisha kila baada ya siku chache, damu haipandi hata ninywe vidonge gani, mara naambiwa amiba, mara taifodi, mara minyoo, dawa nimemeza mpaka nikachoka. Ndio daktari mmoja akasema hebu tupime ugonjwa wa siliaki. Kipimo cha damu, halafu kamera tumboni, ikajulikana mwili wangu haupatani na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwaheri chapati, kwaheri tambi, na hata soya sosi maana nyingi zina ngano ndani, nani alijua!

Sikupaniki sana. Mchele, muhogo, mtama, ulezi, mahindi, vyote havina gluteni, nikaona kwetu huku si nimefika tu. Nikanunua vitumbua vinne kwa mama mmoja wa kituoni. Siku tatu kitandani. Niliporudi kumuuliza kiupole akanijibu, "Mwanangu, mchele peke yake haushiki, natia ngano kidogo." Wala hajakosea, wengi wanafanya hivyo.

Basi nikaanza kupika mwenyewe. Naloweka mchele usiku kucha, nasaga na tui zito, hamira, iliki, sukari. Wenzangu ofisini wakaonja wakaanza kuagiza, hasa mkate wa sinia, ule wa Zanzibar, ambao kiasili hauna ngano hata chembe. Mama mmoja mwenye mtoto anayeumwa kama mimi akaniomba na unga wa muhogo na ulezi. Nikaona hapa kuna biashara.

Kumbe kazi sio mapishi, kazi ni mashine! Ile ya mtaani inasaga unga wa lishe wa kila mtu, na humo watu wanachanganya ngano. Kijana wa mashine ananiambia dada mbona nimeipangusa, nikawa namuelewesha kwamba vumbi tu linanitosha kuumwa, ananiangalia kama nimerogwa. Tukakubaliana nije alfajiri kabla ya mtu yeyote, nasaga kwanza kilo mbili za chenga za kusafishia, zile wanakula kuku wa mama mkwe (wamenenepa hao). Ila roho haikutulia, nikacheza vikoba viwili (vile vikundi vya kuweka na kukopeshana), nikaenda Gerezani, kule kwa mafundi Dar, fundi akanitengenezea mashine yangu ndogo. Hiyo haijawahi kuona ngano na haitaona.

Kwa wanaouliza vibali, msiende kutafuta TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, mambo ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Na kwenye pakiti sijaandika "haina gluteni". Kiwango cha kimataifa ni gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo ya chakula, hilo linataka maabara na sijapima bado, siwezi kumdanganya mtu ambaye ataumia kama nilivyoumia mimi. Nimeandika "imesagwa kwenye mashine isiyosaga ngano", basi. Shemeji yangu anasema najiharibia soko. Labda.

Chapati ya muhogo bado inanishinda, inakatika ukiigeuza tu. Jana nimejaribu kuukanda unga kwa maji yanayochemka, kidogo imeshika. Mwenye ujanja wake anipe.