Karpi Yuko Miguuni Pako

Alfajiri moja nililala kifudifudi nyuma ya matete, kidevu kikigusa majani yenye umande, nikitazama maji ya kina cha goti. Punje za mahindi kama kumi na tano nilizozidondosha pale zilionekana moja moja, za njano juu ya tope. Kisha akaja. Kwanza kivuli, halafu mgongo mpana wa rangi ya shaba, halafu mdomo ukachomoza mbele kama mrija. Karpi, samaki wa maji yasiyo na chumvi, hang'ati chakula, ananyonya. Punje ya kwanza ilinyanyuka ikatoweka, matamvua yakafunguka, tope likatoka nyuma yake kama moshi. Ya pili vilevile. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na ndoano yangu ndani. Aliinyonya, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi, akaitema. Ncha ya fimbo haikutikisika hata kidogo. Akaendelea na ya nne.

Kwa miaka minne kabla ya asubuhi ile nilikuwa mvuvi wa kurusha mbali. Nikifika majini nafunga chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, zito kuliko yote niliyo nayo, natupa mshipi hadi katikati, nakaa. Siku ikipita kimya, nasema leo hawali. Kumbe walikuwa wanakula, tena huenda walishaonja chambo changu na kukitema mara kadhaa bila mimi kujua. Na wengi wao hawakuwa huko katikati. Walikuwa kwenye mita mbili tatu za mwanzo, chini ya matawi yaliyoinama na kando ya matete, palepale nilipokuwa nikisimama kurusha.

Ukingoni ndiko kwenye chakula. Kuna konokono, minyoo, mabuu ya wadudu, na mbegu zinazodondoka kutoka kwenye miti. Jua likiwaka, maji haya ya kina kifupi ndiyo hupata joto kwanza. Karpi ana sharubu nne, mbili kila upande wa mdomo, za kupapasia na kuonjea chini ya tope. Meno yake yako kooni, na ndiyo yanayosaga maganda ya konokono. Hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, kinachomezwa kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Kwa hiyo anakula kidogo kidogo, anaondoka, anazunguka, anarudi. Ukikaa kimya mahali anapopita, atarudi.

Ukikaa kimya. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Karpi ana mnyororo wa vifupa vidogo unaounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo kibofu kizima kinamfanyia kazi ya kunasa sauti. Juu ya hilo kuna mstari wa ubavuni unaohisi msukumo mdogo wa maji. Mtu akitua sanduku chini kwa kishindo, au akigongelea kigingi cha kuegeshea fimbo kwa jiwe, samaki wa ukingoni amekwisha kujua. Hapigi kelele wala haruki. Anaondoka tu, na wewe unabaki kusema hapa hapana samaki. Siku hizi kigingi nakisukuma ardhini kwa mkono, na nikishindwa, fimbo naiegesha kwenye begi.

Kabla sijafungua mfuko wowote natembea nusu saa, taratibu, mbali kidogo na ukingo, nimevaa miwani inayokata mng'ao wa maji. Natafuta vipovu vidogo vinavyopanda kwa kundi na kusogea. Vinavyotoka mahali pamoja tu bila kuhama mara nyingi ni gesi ya tope. Natafuta tete moja linalotikisika wakati mengine yametulia, na doa la maji lililochafuka katikati ya maji safi. Upepo wa joto ukiwa umevuma siku mbili tatu kuelekea upande mmoja, naenda upande huohuo, upepo usoni. Hapakaliki kwa raha, lakini chakula kimesukumwa huko na samaki wamekifuata. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 habari ni nyingine: karpi hasogei sana, hapo punje moja yatosha kuliko konzi nzima.

Juu ya chambo watu wanaweza kubishana hadi usiku wa manane, na mimi nina msimamo wangu. Tunahangaika mno na rangi na harufu, tunahangaika kidogo mno na kiasi. Chambo ukishakimwaga majini hukizoi tena. Mimi naanza na konzi moja, nasubiri nione zimeliwa, ndipo naongeza. Mahindi yananitosha kwa siku nyingi. Punje kavu nazilowesha saa 24, kisha nazichemsha nusu saa au zaidi mpaka chache zianze kupasuka, nazo naziacha zipoe kwenye maji yake yaleyale, maana yale maji mazito yenye utamu ndiyo mwaliko wenyewe. Nafaka au mbegu ngumu isiyolowekwa na kuchemshwa haifai kabisa kutupwa majini. Itavimba, na ikivimbia ndani ya samaki ni mateso. Siku za joto, karpi wakiwa wanaota jua juu ya maji, ganda la mkate linaloelea halina mpinzani. Vile vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa vikawa vigumu navitumia pale tu samaki wadogo wanapokuwa wengi na kuninyang'anya kila kitu laini.

Sasa nirudi kwa yule aliyeitema ndoano yangu. Dawa yake ilipatikana zamani, kabla sijashika fimbo. Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walihangaika na tatizo lilelile hadi wakaja na mtego wa unywele, na mwanzo wa miaka ya 1980 ukawa umejulikana kwa wavuvi. Chambo hakikai kwenye ndoano. Kinaning'inia nyuma yake kwenye uzi mfupi mwembamba, na ndoano inabaki tupu. Karpi akinyonya chambo, ndoano inafuata. Akijaribu kutema, chambo kinatangulia kutoka, ndoano inageuka na ncha yake inashika mdomo wa chini. Anapohisi kuchomwa anakimbia, uzito wa chubwi unaikaza. Mara ya kwanza kuutumia mtego huu pale kwenye matete, fimbo ilijipinda nikiwa bado nafunga begi.

Vipimo vyangu ni hivi, na sivibadilishi ovyo: ndoano namba 8, kamba ya ndoano yenye urefu wa sentimita 15, chubwi la gramu 70, na nafasi ya nusu sentimita kati ya chambo na mpindo wa ndoano. Nikimaliza kufunga, naulaza mtego juu ya kiganja na kuuvuta polepole kwa kamba yake. Ndoano lazima igeuke yenyewe na kushika ngozi. Isipogeuka, naikata na kuanza upya hata kama jua linazama. Kisha naegemeza ncha yake kwenye ukucha wa dole gumba. Ikiteleza, ni butu, naibadilisha.

Kuna samaki mmoja ambaye bado namkumbuka kwa uchungu. Alininasia kwenye magugu maji, mshipi ukakatika. Chubwi nilikuwa nimelifunga moja kwa moja kwenye mshipi, kwa fundo, halitoki. Ina maana yule samaki aliondoka akiburuta uzito wa gramu 80 kwenye mdomo, na uzito kama huo ukikwama kwenye mzizi au jiwe, samaki amefungwa pale hadi afe. Kwa muda mrefu sikwenda majini bila kumfikiria. Tangu siku hiyo chubwi langu linakaa kwenye kibanio kinacholiachia likivutwa kwa nguvu. Kabla ya kuvua nafanya jaribio: nashika chubwi kwa mkono mmoja, navuta ndoano kwa mwingine kama vile samaki amekwama. Lisipochomoka, halirushwi. Nakuomba nawe ufanye hivyo leo, na vifaa ulivyo navyo.

Ukivua karibu na ukingo, breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ilegezwe mpaka mshipi uvutike kwa vidole viwili. Karpi mzito akinasa mita mbili kutoka ulipo hana mshipi mrefu wa kumpunguzia kasi. Anaondoka kama amerushwa, na fimbo iliyokazwa inaingia majini nzima nzima. Acha akimbie, kisha kaza kidogo kidogo. Mshipi unaohimili kilo 6 au 7 kabla ya kukatika unatosha pasipo na magugu mengi. Penye mizizi na matawi yaliyozama panataka mzito zaidi.

Adabu ya ukingoni, kwangu mimi, haiko mbali na mbinu. Jioni moja nilikuwa nimekaa saa tano bila kusogea, vipovu vimeanza kupanda polepole kuelekea kwenye punje zangu. Akaja jamaa, akasimama hatua nne kutoka nilipo, akawasha tochi na kumulika maji kutafuta pa kurushia, akatupa mshipi wake ukapita juu ya wangu. Hakusalimu. Vipovu vilikoma palepale na havikurudi usiku ule. Sikugombana naye. Nilikusanya vitu vyangu nikahama, lakini iliniuma, kwa sababu saa tano za mtu si kitu kidogo.

Ukikuta mwenzako amekaa, piga hodi. Msalimu kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake, muulize mishipi yake imelala wapi, ndipo uchague pako. Maji yaliyo mbele yake ni yake mpaka nusu ya nafasi iliyo kati yenu, hata kama samaki wameruka upande huo mbele ya macho yako. Usipite kati yake na maji. Tochi imulike mikono yako, isimulike maji. Ukitoka kwenda kwingine, vuta mishipi yako nje, kwa sababu fimbo isiyo na mwenyewe ni samaki anayeteseka bila mtu wa kumsaidia. Jirani akinasa samaki mkubwa anayeelekea kwako, kunja mshipi wako haraka bila kungoja kuombwa, kisha uliza kama anahitaji mtu wa kumshikia wavu. Usiuingize wavu majini kabla hajasema. Na kila kipande cha mshipi uliokatika kirudi mfukoni, hata cha urefu wa kidole, maana ndege hunasa miguu humo.

Mimi karpi namrudisha majini. Kabla hajatoka nje nalowesha mkeka laini, nalowesha na mikono, kwa sababu ute ulio juu ya magamba ndio kinga yake dhidi ya magonjwa na mikono mikavu inauondoa. Kila kitu kinafanyika nikiwa nimepiga magoti, samaki sentimita chache juu ya mkeka. Anajipindua ghafla, na akidondoka kutoka kimo cha mtu aliyesimama anaumia ndani hata kama utamwona akiondoka akiogelea. Ndoano zangu hazina kijino cha kuzizuia zisichomoke, zinatoka kwa msukumo mdogo wa kidole. Nyumbani, wavu na mkeka vinakauka kabisa juani kabla havijaenda kwenye maji mengine. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 kuna virusi vya hapesi vya koi, ambao ni karpi hawahawa waliofugwa kwa rangi zao, na vikiingia bwawani vinaweza kuua samaki kwa wingi. Sitaki viingie kwa wavu wangu.

Karpi anaishi miaka mingi, na hilo watu hulisahau. Mwaka 1952 Richard Walker alivua mmoja wa ratili 44, kama kilo 20, kwenye bwawa la Redmire nchini Uingereza. Samaki yule akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London na akaishi humo hadi mwaka 1971. Karpi wa magamba machache makubwa ana mpangilio wake ambao mwingine hana, kwa hiyo ukiwa na picha unaweza kumtambua. Ninaye mmoja mwenye magamba matano kwenye mstari ubavu wa kushoto, la tatu limepinda. Nilimvua mara ya kwanza akiwa na kilo 7 na robo. Miaka mitatu baadaye, kwenye matete yaleyale, mita moja na nusu kutoka nilipolala, nilimwona akinyonya punje zangu, na safari hii ncha ya fimbo iliinama. Kilo 9 na nusu. Kabla ya kumwachia nilimfungua mdomo kwa dole gumba lililolowa, nikatazama mahali ndoano yangu ya zamani ilipoingia. Palikuwa laini, hapana hata kovu.