Bibi Atakula Nini?

"Bibi atakula nini?"

Hivyo tu. Mhudumu hakumuuliza Mama mwenyewe, kaniuliza mimi, kalamu mkononi, na Mama kakaa pale pale mbele yake na buibui lake jipya, uso umemwelekea. Tena hata shikamoo hakutoa. Tanga hii!

Najua mnangoja habari za mkataba wa kazi. Umeongezwa mwaka, alhamdulillahi, na wifi kajifungua salama, mtoto wa kike. Lakini tangu tutoke kwenye ule mgahawa wa Kitaliano wa mtaani, wenye meza za mbao chini ya mkungu, ninayoisikia ni sauti ya yule kijana. Naosha vyombo, naisikia. Niko kazini naandika orodha ya makontena, naisikia. Mara imejaa dharau, mara ni ya mtu aliyechoka tu, meza zote zake na miguu inamuuma.

Mama alimtazama. Mnamjua, kafundisha darasa la kwanza Ngamiani mpaka akastaafu.

"Bibi ana mdomo," akasema. "Muulize."

Akamuuliza. Mama akavaa miwani, akaisoma menyu yote, sisi na njaa zetu, kisha akaweka kidole kwenye karbonara, kwa kuwa kaona tambi, mayai na jibini. Tambi kwake ni zile za nazi na iliki za kufuturia. Hapo kijana akainama, sauti akaishusha meza ya jirani isisikie.

"Mama, hiyo ina nguruwe. Kule Roma wanatia nyama ya shavu lake, na sisi hapa tunaitia. Chukua pizza ya margherita, ni nyanya, jibini na majani tu."

Mama! Si bibi tena. Angeweza kunyamaza akaandika oda yake akaenda zake, nani angejua? Basi na hili nalo nalirudiarudia, sijui niliweke wapi.

Pizza ikaja kutoka tanuri la kuni, ukingo una madoa meusi. Baba Watoto akataka kuirudisha jikoni eti imeungua, nikamkanyaga mguu, maana moto wa Napoli, kule Italia, ndio huo. Mama akaokota jani kwa vidole viwili, akanusa.

"Huu si mrehani?"

"Ndio, Mama."

"Wa kikuba?"

Kijana akacheka. Kumbe ni wa Pangani, na bibi yake hufunga vikuba vya maharusi, vile vifurushi vya maua na majani ya kunukia. Mama akacheka mpaka miwani ikamteleza. Watu wanakula kikuba! Jani akalichomeka ndani ya ushungi, akala vipande viwili, akalalamika kuwa hakuna pilipili.

Sasa kila anayepita barazani anahadithiwa, na Mama anaigiza sauti zote mbili. "Bibi ana mdomo!" Majirani hoi. Ameshaniuliza lini tunarudi kwa kijana wake. Kijana wake! Mimi ndiye niliyebaki nadai shikamoo isiyo yangu.

Kitinda mimba naye siku hizi analala mdomo wazi na anakoroma kama mzee. Wifi anasema huenda ni nyama za puani, wa kwao alikuwa hivyo hivyo mpaka akapasuliwa. Mitihani ya muhula inaanza wiki ijayo, na sijui nimpeleke hospitali sasa hivi au nisubiri amalize.