Pakiti moja ya hamira ni vijiko vingapi?

Maelekezo niliyopewa ya boflo yalikuwa mafupi: unga wa ngano nusu kilo, hamira pakiti moja. Nikachana pakiti ya dukani, nikamwaga yote. Nusu saa haijaisha unga ulishafika ukingoni mwa bakuli, na joto letu la Tanga la mwezi wa pili mnalijua. Ndani ya oveni boflo likapanda kwa majivuno, kisha likadidimia katikati kama kiti cha daladala kuukuu. Lilinuka pombe. Mume wangu alikula kipande kimoja, kwa heshima tu.

Nikaifukua ile pakiti kwenye takataka na kusoma: gramu 11. Maelekezo yenyewe yalikuwa ya Kimarekani, na pakiti ya hamira ya huko ni gramu 7, yaani vijiko vya chai 2 na robo. Kumbe nilizidisha zaidi ya nusu yake.

Nikampigia shangazi, ambaye amepika mikate ya kuuza tangu sijazaliwa. Baada ya shikamoo nikamuuliza, ile pakiti yetu ni vijiko vingapi?

"Kijiko kipi, mwanangu? Na cha mfuto au cha tele?"

Nilikuwa na vijiko vya chai vitatu, kila kimoja kimetoka seti yake. Nikanunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, bila sindano, nikavuta maji na kuyadondosha kijikoni hadi yakaribie kumwagika. Cha kwanza kilijaa kwa mililita 3. Cha pili 4. Cha sukari, kile kinene, kilikaribia 6. Kijiko cha chai cha mapishi ni mililita 5, na mimi sikuwa nacho hata kimoja! Mwisho nikakumbuka kijiko cha plastiki kilichokuja na dawa ya kikohozi ya mtoto. Kina alama ya 2.5 na ya 5. Nikakipima kwa bomba, kikakubali.

Nikatandika karatasi, nikachana pakiti nyingine ya gramu 11, nikaanza kuchota na kufuta juu kwa mgongo wa kisu. Kimoja, viwili, vitatu, na masalia yakafika alama ya nusu. Vijiko 3 na nusu. Nikarudia kwa pakiti ya pili, jibu likawa lile lile, chenga chache tu zimezidi. Kwa hiyo kijiko kimoja cha mfuto kina gramu 3 na kitu, na gramu 7 zinaangukia pale pale kwenye 2 na robo. Nilicheka peke yangu jikoni.

Hiyo robo haina kijiko chake. Ninamwaga kijiko kizima kwenye karatasi, ninakisambaza duara, ninakikata msalaba kwa kisu na kuchukua pembe moja. Hamira inavumilia, hata ukikosea kidogo.

Sasa ninanunua pakiti kubwa ya gramu 500, naiweka kwenye kopo ndani ya friza, na juu ya mfuniko nimeandika kwa kalamu nene: "2 na robo, unga nusu kilo." Unga wa kulala usiku kucha ninautilia kijiko kimoja tu na kuuweka kwenye friji. Ila jibu la hamira msilipeleke kwenye chumvi. Kwenye mizani ya jirani anayeuza viungo, kijiko hicho hicho cha chumvi kilikaribia gramu 6, wakati unga wa ngano kijiko cha chakula kizima, ambacho ni vitatu vya chai, ulikuwa gramu 8 tu.

Juzi mtoto alishikwa na kikohozi, baba yake akapekua nyumba nzima akitafuta kijiko cha dawa. Kilikuwa kwenye friza, ndani ya kopo la hamira. Tukampa kwa bomba.