Tunapita kwetu

Jana alfajiri bibi mmoja ninayelala naye chumba kimoja melini alinigusa bega. "Amka, mwanangu, tunapita kwetu."

Nikajifunga shali, nikamfuata nje. Tulikuwa mkoani Vologda, kaskazini mwa Urusi, pale Mto Sheksna unapotoka Ziwa Beloye. Nilitazama nikitafuta mapaa ya nyumba. Hakuna. Kulikuwa na kuta za kanisa tu, matofali yamemong'onyoka, maji yamezunguka pande zote. Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1788, na ndilo pekee lililobaki la Krokhino, kijiji cha bibi.

Mwaka 1961 maji ya Sheksna yalipandishwa kwa bwawa ili meli kubwa zipite kati ya Mto Volga na Bahari ya Baltiki. Hii hii njia iliyotuleta sisi. Watu waliambiwa wahame, na nyumba zao wakahama nazo. Nyumba ya magogo, wao huiita izba, hufumuliwa gogo moja moja na kusimamishwa upya kwingine. Bibi alikuwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kushika kopo la rangi huku baba yake akiandika namba kwenye kila gogo. Jiko la matofali lilivunjwa. Makaburi yaliachwa.

Inaniuma kwamba Krokhino si peke yake. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta vijiji zaidi ya 19,000 vya Urusi havina mkazi hata mmoja, na vingi havikuzama: shule ilifungwa, duka likafungwa, vijana wakaenda mjini. Enzi za Kisovieti maofisa walikuwa na neno la kuviita vijiji vya namna hiyo, "visivyo na matarajio". Kijiji cha watu, chenye visima na majina ya mababu! Sijaweza kulizoea neno hilo.

Pale kanisani watu wa kujitolea wamepanga matofali yaliyoanguka yawe ukingo wa kuzuia mawimbi. Bibi alipiga ishara ya msalaba mpaka kanisa likapotea machoni.

Kisha akatoa simu, akanionyesha picha ya ukuta wa nyumba yao, ambayo sasa iko mji wa Belozersk. Karibu na jiko, rangi imefifia lakini inasomeka: 31, miguu juu, kichwa chini. Baba yake alilipachika gogo hilo kinyume usiku wa mwisho wa kujenga, na hakuna aliyetaka kuligeuza.